Deng Yaping: Alikataliwa ju ya ufupi, akatawala tenisi ya meza miaka 8

Deng Yaping ni mchezaji wa zamani wa tenisi ya meza kutoka China, ule mchezo wengi huku kwetu wanauita ping-pong. Alizaliwa tarehe 6 Februari 1973 mjini Zhengzhou, makao makuu ya jimbo la Henan, katikati ya China. Alishinda medali 4 za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki: mbili Barcelona mwaka 1992 na mbili Atlanta mwaka 1996. Katika mashindano ya dunia alichukua mataji 9. Kuanzia 1990 hadi 1997 jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya wachezaji wanawake wa dunia, na alipoacha mchezo alikuwa na miaka 24 tu.

Urefu wake ni karibu mita 1 na sentimita 50. Hiyo namba inaeleza mambo mengi katika maisha yake ya mchezo: kwa nini alikataliwa, kwa nini alicheza vile alivyocheza, na kwa nini Wachina wengi walimpenda.

Wale waliofungua njia

Deng hakuwa mwanamke wa kwanza wa China kuwa bingwa wa dunia. Huyo ni Qiu Zhonghui, aliyezaliwa mwaka 1935 katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi, karibu na mpaka wa Birmania. Mwaka 1961 mashindano ya dunia yalifanyika Beijing, ndani ya jumba kubwa lililojengwa kwa ajili hiyo. Wakati ule China ilikuwa katika njaa kali, watu wengi sana wakifa vijijini. Qiu alifika finali na akamshinda Éva Kóczián wa Hungaria kwa sete 3 kwa 2. Miaka miwili mbele yake, mwaka 1959, Rong Guotuan alikuwa amechukua taji la wanaume mjini Dortmund, Ujerumani, na lilikuwa taji la kwanza la dunia la China katika mchezo wowote. Kwa hiyo nchi ikawa na bingwa mwanamume na bingwa mwanamke, na tangu pale ping-pong ikawa mchezo wa taifa.

Njia haikubaki nyoofu. Mwaka 1966 yakaanza yale yaliyoitwa Mapinduzi ya Utamaduni. Wachezaji waliokuwa wakisifiwa jana wakaitwa wasaliti, na China haikwenda kwenye mashindano ya dunia ya 1967 wala ya 1969. Rong Guotuan mwenyewe alikufa mwaka 1968, alijiua baada ya kuteswa na kushitakiwa kuwa jasusi. China ilirudi mwaka 1971 mjini Nagoya, Japani. Pale mwanamke anayeitwa Lin Huiqing alishinda mataji matatu: la mtu mmoja mmoja, la wanawake wawili wawili, na la mwanamume na mwanamke. Katika hili la mwisho mwenzake alikuwa Zhang Xielin. Msomaji aliweke hili jina kichwani, sababu litarudi.

Ni kutoka Nagoya pia ndipo wachezaji wa Marekani walialikwa China, jambo lililofungulia njia safari ya Rais Nixon mwaka 1972. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Meza ya sentimita 76

Baba yake Deng, Deng Dasong, alikuwa mchezaji na kisha kocha wa ping-pong. Alimwanzisha binti yake akiwa na miaka 5. Meza ya tenisi ya meza ina urefu wa mita 2.74, upana wa mita 1.525, na inasimama sentimita 76 kutoka chini. Wavu una sentimita 15.25. Kwa mtoto wa miaka 5 mwenye kimo kidogo, ile meza inafika kifuani ao shingoni. Mtu aliyejaribu mchezo huu utotoni, hata kwenye meza ya mbao iliyounganishwa na misumari, anajua ginsi ilivyo kazi kuona kampira kanakotoka.

China ilikuwa, na bado iko, na mfumo wa ngazi. Mtoto anaanza katika shule ya michezo ya mtaa ao ya mji. Akifanya vizuri anapanda kwenda ekipe ya jimbo, na kutoka jimbo wachache sana wanaitwa Beijing katika ekipe ya taifa. Mtoto aliyeingia jimbo anakula, analala na kusoma kwa gharama ya serikali. Anayerudishwa anarudi kwao na kuanza maisha upya. Njo maana kukataliwa kwenye ekipe ya jimbo ni karibu sawa na kufungiwa mlango wa kazi.

Deng alijaribu katika ekipe ya jimbo la Henan akarudishwa. Sababu waliyotoa ilikuwa moja: ni mfupi mno, mikono yake ni mifupi, hana mbele. Tuseme ukweli, wale makocha hawakuwa wajinga. Katika mchezo huu mkono mrefu unafunika upana wa meza kwa hatua moja, mkono mfupi unahitaji hatua mbili, na kampira kanavuka meza kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Hesabu yao ilikuwa sawa kwa watoto wengi. Ila ilikosea kwa huyu mmoja.

Baba hakubishana nao sana. Alimpeleka katika ekipe ya mji wa Zhengzhou, ngazi ya chini, na akaanza kumtengeneza mchezaji ambaye ufupi wake ungekuwa na jibu. Jibu la kwanza lilikuwa miguu. Deng alifanya mazoezi na mifuko ya mchanga imefungwa miguuni, ili siku ya mechi anapoivua ajisikie mwepesi. Jibu la pili lilikuwa kusimama karibu kabisa na meza na kupiga kampira mapema, kangali kanapanda, mbele mpinzani hajarudi mahali pake. Mtu mrefu anayependa kusimama mbali na kupiga kwa nguvu anakosa nafasi ya kupumua.

Raketi yenye sura mbili

Jibu la tatu lilikuwa raketi yenyewe, na hapa inafaa tukae kidogo, sababu watu wengi wanaotazama ping-pong kwenye televisheni hawaoni jambo hili.

Raketi ya mchezo ni ubao uliobandikwa kauchu pande zote mbili. Kauchu ya kawaida ni laini kwa nje na inanata kidogo. Inashika kampira na kukapa mzunguko mkali. Lakini kuna kauchu nyingine ambayo nje yake ina vinundu virefu vyembamba, sawa vidole vidogo vingi vilivyosimama. Kampira kakigonga pale, vile vidole vinapinda, havishiki. Mzunguko uliokuja nao unarudi kinyume kwa yule aliyepiga. Kampira kanaweza kuyumba hewani, ao kuanguka kafupi wakati mpinzani alikasubiri mbali.

Deng alishika raketi kama mtu anayesalimia kwa mkono, tofauti na Wachina wengi wa zamani walioishika kama kalamu. Upande wa mbele aliweka kauchu laini ya kushambulia, upande wa nyuma akaweka ile ya vinundu virefu. Kwa upande wa nyuma alivuruga mzunguko wa mpinzani, mpinzani akirudisha kampira kadhaifu, Deng anageuka na kupiga kwa upande wa mbele. Zamani wachezaji walitumia kauchu mbili za rangi moja, mpinzani asijue ni upande gani uliopiga. Katikati ya miaka ya 1980 Shirikisho la Kimataifa likaleta sheria kwamba upande mmoja uwe mwekundu na mwingine mweusi. Wengi waliotegemea kujificha walimalizika pale. Deng alikua chini ya ile sheria mpya: kila mpinzani aliona waziwazi upande alioutumia, na bado walishindwa.

Kulikuwa na jambo la nne, ambalo halifundishwi. Alikuwa mkali. Kila alipopata pointi muhimu alipiga kelele na kukunja ngumi, macho hayatoki kwa mpinzani. Wapo waliosema si adabu kwa msichana. Wengine waliokutana naye mezani walisema baadaye kwamba zile kelele ziliwachosha kuliko kampira.

Kuitwa Beijing

Mwaka 1986, akiwa na miaka 13, Deng alishinda taji la taifa la watu wakubwa. Kwa kawaida bingwa wa taifa anaitwa mara moja. Yeye alingoja. Wakubwa wa ekipe ya taifa walirudia neno lile lile la Henan: mfupi.

Aliyemtetea ni Zhang Xielin, yule yule wa Nagoya 1971, ambaye sasa alikuwa kocha wa wanawake. Zhang alikuwa na sababu yake ya kumwelewa. Katika miaka ya 1960 yeye mwenyewe alitumia vinundu virefu na kuwachanganya Wajapani na Wazungu, akawa bingwa wa dunia wa wawili wawili mwaka 1963. Alijua mchezaji wa ajabu anaweza kufanya nini mbele ya watu waliofundishwa wote kwa namna moja. Aliwaambia wenzake kwamba ufupi una faida: kwa macho ya Deng kila kampira kanaonekana kako juu, kwa hiyo anathubutu kushambulia. Mwaka 1988 akaingizwa katika ekipe, na miaka 15.

Kinachosimuliwa juu ya miezi yake ya kwanza pale ni kwamba mazoezi yalipoisha saa tatu usiku yeye alibaki mpaka karibu saa tano. Mara nyingi alikuta jiko limefungwa, akala tambi za maji moto chumbani.

Mwaka uliofuata, 1989, alikwenda Dortmund na kushinda taji la dunia la wanawake wawili wawili. Alikuwa na miaka 16. Mwenzake alikuwa Qiao Hong wa Wuhan, mkubwa wake kwa zaidi kidogo ya miaka minne, mtulivu, mwenye kusema kidogo. Katika mashindano yale yale Qiao Hong alichukua pia taji la mtu mmoja mmoja. Hivi viwili vingefuatana kwa miaka saba, wakilala chumba kimoja cha safari, wakishinda pamoja wakiwa wawili, na kukutana uso kwa uso wakiwa mmoja mmoja.

Chiba 1991: siku Wakorea walipoungana

Kuanzia 1975 mpaka 1989 wanawake wa China walishinda taji la dunia la ekipe mara 8 mfululizo. Mwaka 1991 mashindano yalikuwa Chiba, Japani. Korea ya Kaskazini na Korea ya Kusini, nchi mbili ambazo mpaka leo hazijasaini amani ya vita vyao, zilikubali kutuma ekipe moja, chini ya bendera nyeupe yenye ramani ya bluu ya rasi nzima. Kusini walileta Hyun Jung-hwa, Kaskazini wakaleta Li Bun-hui na Yu Sun-bok.

Finali ilikuwa kati yao na China. Deng, namba moja wa dunia, alifungua na akapigwa na Yu Sun-bok, msichana ambaye wengi hawakumtazamia. Mwisho Korea ilishinda mechi 3 kwa 2. Ukumbini Wakorea wa pande mbili walilia wakikumbatiana. Kisha siku chache kila mmoja alirudi kwao, na ile ekipe ikavunjwa.

Kwa Deng ilikuwa aibu kubwa. Lakini mashindano hayakuwa yameisha, ilibaki sehemu ya mtu mmoja mmoja. Alipanda mpaka finali, akamkuta Li Bun-hui, mmoja wa wale waliomwangusha, akamshinda. Lile ndilo taji lake la kwanza la dunia peke yake, na miaka 18.

Barcelona na habari ya Qiao Hong

Barcelona 1992 ilikuwa rahisi kueleza: Deng na Qiao Hong walishinda dhahabu ya wawili wawili mbele ya Wachina wenzao Chen Zihe na Gao Jun. Katika finali ya mtu mmoja mmoja walikutana wao wawili, na Deng akashinda sete 3 kwa 1. Wakorea wawili wa Chiba, Hyun Jung-hwa na Li Bun-hui, walipata shaba, kila mmoja sasa kwa bendera yake.

Huwa tunaandika juu ya washindi, lakini Qiao Hong anastahili mistari yake. Alikuwa bingwa wa dunia mbele ya Deng. Kisha alipoteza kwake finali ya Olimpiki 1992 na finali ya dunia 1995. Hata hivyo alisimama upande wa Deng katika mechi za wawili wawili, na kushinda naye. Dhahabu 2 kati ya zile 4 za Deng ni zake pia. Mtu akitaka kujua ugumu wa ekipe ya China, asiangalie wapinzani wa nje. Aangalie chumba cha kulala cha ekipe yenyewe.

Miaka miwili mibaya

Mwaka 1993 mjini Gothenburg, Sweden, China ilirudisha taji la ekipe la wanawake. Lakini mmoja mmoja Deng alitolewa mapema kabisa na Jing Junhong, Mchina aliyehamia Singapore na kuchezea nchi ile. Taji lilikwenda kwa Hyun Jung-hwa.

Pigo la 1994 lilikuwa zito zaidi, na ili kulielewa inabidi turudi nyuma miaka saba.

Mwaka 1987 mashindano ya dunia yalifanyika New Delhi, India. Katika nusu-finali walikutana Wachina wawili, He Zhili na Guan Jianhua. Makocha waliamua kwamba He ampishe Guan, sababu waliona Guan ana nafasi nzuri zaidi ya kumpiga Mkorea aliyesubiri katika finali. Amri kama ile ilikuwa kawaida katika ekipe ya China tangu zamani: taji ni la nchi, si la mtu. He Zhili alikataa. Alicheza kweli, akamshinda Guan, kisha akashinda finali na kuwa bingwa wa dunia. Aliporudi hakusifiwa kama wengine, na mwaka 1988 jina lake halikuwekwa kwenye ekipe iliyokwenda Olimpiki ya Seoul, ingawa alikuwa bingwa wa dunia. Baadaye aliolewa na Mjapani, akahamia Japani, akachukua jina la Chire Koyama.

Basi Oktoba 1994, kwenye Michezo ya Asia mjini Hiroshima, Koyama akatokea na jezi ya Japani akiwa na miaka 30. Alimtoa Qiao Hong, kisha katika finali akampiga Deng Yaping. Kila alipopata pointi alipiga kelele kwa Kijapani. Huko China watu walikasirika sana. Magazeti na mashabiki walimwita msaliti, wengine kwa maneno ya matusi, hasa ukikumbuka vita ambayo Japani ilipiga ndani ya China kutoka 1937 mpaka 1945. Wachache waliuliza kwa sauti ya chini kama waliomfukuza hawakuwa na sehemu yao katika lile jambo. Miaka imepita, leo hilo swali linaulizwa China kwa sauti kubwa zaidi.

Deng alibeba lawama ya kushindwa ambako hakukuwa kwake peke yake. Mwaka 1995, Tianjin, mbele ya watu wa kwao, alishinda yote matatu aliyoyatafuta: ekipe, wawili wawili, na mmoja mmoja. China ilichukua mataji yote 7 ya mashindano yale, ya wanaume na ya wanawake.

Atlanta: sete ya tano

Finali ya Atlanta 1996 ndiyo mechi ambayo Wachina wa umri fulani bado wanaisimulia. Mpinzani alikuwa Chen Jing. Huyu naye alikuwa Mchina wa ekipe ya taifa, na ndiye bingwa wa kwanza wa Olimpiki wa wanawake, Seoul 1988, mwaka ping-pong ilipoingia Olimpiki. Kisha akahamia Taiwan na kuchezea jina la Taipei ya China. Beijing inaihesabu Taiwan kuwa sehemu yake. Kwa hiyo mechi ilikuwa ya michezo, lakini ilibeba pia siasa za pande mbili za mlango wa bahari.

Wakati ule sete ilikwenda mpaka pointi 21. Deng alichukua ya kwanza 21-14 na ya pili 21-17. Watu wakadhani imekwisha. Ya tatu Chen alipata 22-20. Ya nne tena Chen, 21-17. Sete mbili kwa mbili. Aliyekuwa ameongoza ndiye aliyetetemeka, na yule aliyetoka nyuma alikuja na upepo.

Sete ya tano iliisha 21-5.

Mchezaji wa kawaida, akipoteza sete mbili namna ile, anaanza kucheza kwa uangalifu, anarudisha tu, anangoja mwingine akosee. Deng alifanya kinyume, alishambulia tangu pointi ya kwanza, akasogea mezani zaidi. Chen hakupata nafasi ya kuweka mkono wake mrefu kufanya kazi. Ile ilikuwa dhahabu yake ya nne, baada ya ile ya wawili wawili aliyoshinda tena na Qiao Hong. Hakuna mchezaji wa ping-pong aliyekuwa amefika pale, mwanamume ao mwanamke, wala aliyekuwa ameshinda dhahabu ya mmoja mmoja mara mbili mfululizo. Mzee Juan Antonio Samaranch, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alimvalisha medali mwenyewe.

Mwaka 1997, Manchester, Uingereza, alichukua tena mataji matatu ya dunia. Ya wawili wawili alicheza na Yang Ying. Kisha akaweka raketi chini.

Kuanza darasa na herufi

Wachezaji wengi wa mfumo ule waliingia kambini wakiwa watoto na kutoka bila masomo ya kutosha. Wengine walipoacha mchezo walihangaika kupata kazi. Deng alikuwa na jina kubwa, lakini shuleni alikuwa sawa na wao. Alipoingia Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, kusoma Kiingereza, mwalimu alimwomba aandike herufi 26 za alfabeti ili ajue kiwango chake. Deng amesimulia mwenyewe kwamba aliziandika akichanganya kubwa na ndogo.

Kulikuwa na sababu ya haraka. Samaranch alikuwa amemwingiza katika tume ya wanamichezo ya Kamati ya Olimpiki, na mikutano ilifanyika kwa Kiingereza na Kifaransa. Kukaa pale bila kuelewa hakukumpendeza.

Kutoka Tsinghua alikwenda Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, akapata shahada ya pili. Kitabu chake cha kumalizia kilihusu safari ya wanawake wa China kutoka kufungwa miguu mpaka dhahabu ya Olimpiki, akichukua ping-pong kuwa mfano. Kufungwa miguu ilikuwa desturi ya karne nyingi: msichana mdogo alivunjwa vidole na mguu ukafungwa kwa kitambaa ubaki mdogo, apate kuolewa vizuri. Wanawake wengi waliofanyiwa vile walitembea kwa shida maisha yote. Desturi ilipigwa marufuku baada ya utawala wa wafalme kuanguka mwaka 1912, lakini vijijini ilichelewa kufa. Mtu aliyefunga mifuko ya mchanga miguuni ili akimbie zaidi alikuwa na haki ya kuandika juu ya hilo.

Kisha akaingia Cambridge, akapata udaktari mwaka 2008. Katikati ya masomo alifanya kazi ya Olimpiki ya Beijing: alikuwa kati ya watu walioutetea mji wake Moscow mwaka 2001, siku Beijing ilipochaguliwa, na mwaka 2008 alikuwa mmoja wa wakubwa wa kijiji cha wanamichezo.

Mahali ambapo hakushinda

Mwaka 2010 gazeti la Chama cha Kikomunisti, Gazeti la Watu, lilimkabidhi kampuni yake ya kutafuta habari kwenye intaneti, iliyoitwa Jike. Kazi ilikuwa kushindana na kampuni kubwa ya Baidu. Haikufaulu. Watumiaji walikuwa wachache, na baada ya miaka michache Jike ikaunganishwa na kampuni nyingine ya serikali. Watu walimcheka mitandaoni, wakasema pesa nyingi za umma zimepotea na kwamba bingwa wa raketi alipewa kazi asiyoijua. Kiasi cha hasara kilichotajwa kilikanushwa. Ila kushindwa kwenyewe hakuna aliyekukanusha.

Katika mchezo nafasi yake haijabishaniwa. Aliingizwa katika jumba la heshima la Shirikisho la Kimataifa mwaka 2003, na huko China alichaguliwa mwanamichezo wa kike wa karne.

Mchezo aliouacha umebadilika. Kampira ka wakati wake kalikuwa na milimita 38, tangu mwaka 2000 kana milimita 40 na kanakwenda polepole kidogo. Sete sasa inaisha pointi 11, si 21, tangu 2001. Zhang Yining wa Beijing alishinda dhahabu ya mmoja mmoja Athens 2004 na Beijing 2008, akafikia dhahabu 4 kama Deng. Wang Nan naye alifika 4. Wote wawili ni warefu kuliko yeye.